Muhogo Mmoja, Neno Moja

Nikisikia harufu ya muhogo mbichi uliomenywa, ulimi wangu huanza kutetemeka wenyewe.

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikabaki na mdogo wangu na shamba. Jioni tulimenya muhogo wa kukausha makopa, na kwa kila muhogo nilimfundisha neno moja la Kiingereza. Nililitamka kama mwalimu wangu, aliyesomeshwa na wamisionari wa Nyasa: kila r ilinguruma kama mashine ya kusaga.

Siku ya usaili tulipanda kilima mpaka Kisarawe. Nafasi ya shule ilikuwa moja. Nilisimama dirishani. Ndani walikaa wazungu wawili, mmoja mwembamba, mwingine mwenye ndevu nyekundu. Mdogo wangu alisoma mstari wa kwanza, na yule mwembamba akacheka.

“Kiingereza gani hiki? Nani kakufundisha?”

“Dada yangu, bwana.”

Nilitamani ardhi inimeze. Ulimi wangu ndio ulikuwa unamnyima shule.

Mwenye ndevu akavuta kitabu, akasoma mstari uleule. R zake zilinguruma kuliko zetu.

“Kwetu Uskochi, walikotoka wamisionari wa Nyasa, tunasema hivi,” alimwambia mdogo wangu. “Huyu bwana katoka Uingereza, wao wanazimeza r zao. Wewe usizimeze.”

Akaandika jina la mdogo wangu kwenye daftari la shule.

Njiani nilimwambia, “Huko watakufundisha vizuri kuliko mimi.”

“Wakinifundisha, dada, nitakuja kukufundisha wewe. Muhogo umebaki?”

“Tele.”

“Basi twende tukamenye.”