Swichi Iliyofundishwa Ufunguo wa Mzee

Mtaa mzima unalala salama kwa mikono ya mwanamke mmoja, na mwenyewe analijua hilo vizuri sana. Wanamwita Mama Funguo. Kibanda chake kiko ubavuni mwa duka la viatu: meza, tupa za kila unene, mashine ya kuchongea inayopiga kelele mpaka mwenye viatu anafunga mlango, na ukutani funguo mbichi, zisizochongwa meno bado, zimening'inia kwenye misumari. Zahanati anaifungua yeye ikijifunga, shule vilevile, na baa ndiyo usiseme. Ukimuuliza kuhusu kazi yake atakujibu bila kupepesa macho, "Hakuna kufuli iliyowahi kunicheka."

Lakini palikuwa na ufunguo mmoja ambao hajawahi kuuchonga, nao ulikuwa wa gari la baba yake.

Baba yake ni dereva mstaafu, na gari ni lile alilowaendeshea wakubwa wa ofisi mpaka likazeeka naye, wakamwachia alipostaafu. Lina rangi ya krimu na vioo vya kuzungusha kwa mkono, na mzee hulisugua hadi unaweza kuchania nywele kwenye mlango wake. Mkewe huliita "mke mwenzangu." Ufunguo ni mmoja tu, huohuo wa milango, wa buti na wa swichi ya kuwashia, na mzee huuvaa shingoni kwa kamba. Habari za ufunguo wa pili hataki hata kuzisikia. Zamani dereva mwenzake alifukuzwa kazi baada ya mtu kuchongesha ufunguo kwa siri na kutoka na gari la ofisi, na tangu hapo mzee wetu akaapa. Binti yake alipofungua kibanda, bado msichana, alimwomba ufunguo ule uwe wa kwanza kuuchonga.

"Chonga za watu kwanza," mzee akamwambia.

Basi akachonga za watu. Akaolewa, akazaa, watoto wakakua, na baba hakulirudia neno lile. Ufunguo mbichi alioununua kwa ajili ya gari hilo ungali kwenye msumari wake, umeshika vumbi. Leseni anayo na kuendesha anajua, ila usukani wa gari la krimu hajawahi kuushika. Jambo hilo lilimuuma, tena sana, sema tu si mtu wa kulialia.

Sasa asubuhi moja mzee akatia ufunguo kwenye swichi, ukagoma. Hauendi mbele wala haurudi nyuma. Mwanawe wa kiume, fundi umeme mwenye maneno mengi kuliko nyaya, akafika mbio na kitufe mkononi.

"Baba, siku hizi gari unabonyeza tu."

"Gari siyo kengele ya mlangoni."

"Basi tuweke swichi mpya. Inakuja na ufunguo wake, huo wako ubaki wa milango."

Mzee akaligeukia gari lake. "Gari lisiloujua ufunguo wangu si langu," akasema. "Mwiteni mtu wa vyuma chakavu aje alichukue."

Walidhani anatania, kumbe mwenzao kakata shauri. Habari zilipomfikia Mama Funguo, alifunga kibanda mchana kweupe akaenda kwao.

"Baba, swichi mpya ije. Mimi nitaifundisha ufunguo wako."

"Swichi inafundishika?"

"Mimi mwanao si nilifundishika?"

Alichomoa waya wa betri, akafungua kava la chini ya usukani, akadondoshea petroli kwenye tundu la ufunguo na kugongagonga polepole kwa mpini wa bisibisi. Ufunguo ukakubali kuzunguka kidogo. Hapo hapo akabonyeza pini iliyoshikilia swichi, akaivuta ikatoka nzima. Ndani ilikuwa imejaa utando wa kahawia, mzito kama gundi, na vyuma vyake vimelika, haifai tena.

"Baba, umekaanga nini humu?"

Mzee akakohoa. Ikabidi aseme: kila akimaliza kuliosha gari, alikuwa akitia tone la mafuta ya kupikia kwenye tundu, ili ufunguo uteleze.

"Kumbe ndiko yanakoishia mafuta yangu!" mkewe akapiga kelele kutoka mlangoni. "Mke mwenza analishwa vizuri kuliko mimi!"

Swichi mpya ilipopatikana, baba na binti wakaenda nayo kibandani. Ndani ya swichi kuna vibati vya shaba vinavyopanda na kushuka, na kila ufunguo huvipanga kwa namna yake. Alipoutia ufunguo wa mzee, baadhi ya vibati vilichomoza nje, na hivyo ndivyo vya kupigwa tupa mpaka viwe sawa. Tatizo ni kwamba meno ya ufunguo ule yalikuwa yamelika kwa miaka ya kutumika. Ilibidi swichi ikatwe kwa kufuata ufunguo ulivyo leo, na uchakavu wake wote. Akipunguza tupa, hauzunguki; akizidisha, hata kijiko kitawasha gari.

Naye mzee hakuivua kamba. Aliinama juu ya meza, shingo imevutwa, kama mbuzi aliyefungwa kigingini kwa kamba fupi. Wapita njia wakasimama kutazama. Mwenye viatu akauliza kama mzee anachongwa meno.

Shingo ilipochoka, mzee akainuka, akaivua kamba na kuuweka ufunguo kwenye kiganja cha binti yake. "Nakwenda kunywa chai," akasema, akavuka barabara.

Mama Funguo akabaki na ufunguo, mashine iko kiwikoni, na ule mbichi unamtazama kutoka ukutani. Mikono ilimwasha. Akashika tupa na kuendelea na vibati.

Waliporudi nyumbani akaifunga swichi mahali pake na kumwambia kaka yake ajaribu kuizungusha. Fundi umeme akatia bisibisi, akajaribu kila ufunguo aliokuwa nao, hakuna kitu. Mama yao akaleta kijiko, kikagoma pia.

Kisha mzee akakaa kwenye usukani, akatia ufunguo wake na kuuzungusha. Gari likakohoa mara moja, likanguruma.

Mzee akapiga honi mpaka majirani wakatoka. "Mnamwona huyu?" akapaza sauti kupitia dirishani. "Huyu ni wangu! Nimemzaa mimi huyu!" Na Mama Funguo, ambaye hakuna kufuli iliyowahi kumcheka, akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la shaba.

Baba yake akazima gari, akamwita karibu.

"Pale kibandani nilikuachia ufunguo peke yako."

"Ndiyo, baba."

"Na mashine ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

"Umechonga wa pili?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hukuniambia."

Mzee akashuka, akazunguka gari polepole mpaka upande wa pili, akakaa kwenye kiti cha abiria ambacho hakuwahi kukikalia. Ufunguo alikuwa ameuacha kwenye swichi.

"Leo nakuambia," akasema. "Ingia, endesha. Tukauchonge wako."