Mama Akitwanga Sombe

Juzi, porini karibu na Mutshatsha, nilisimama mbele ya mnara wa kumbukumbu ya askari wa mataifa mengi waliokufa vitani. Nikakumbuka mchana ule wa utotoni mwangu, askari mgeni alipoingia jikoni kwetu, akimfokea baba kwa lugha tusiyoijua na kumwelekezea bunduki kifuani. Mama, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, alimpiga askari kichwani kwa mchi. Alianguka. Jiko likanuka damu na majani mabichi.

“Amelala, mutoto wangu. Usimuamushe,” mama aliniambia.

Nje askari wenzake walikuwa wakipita, wakiitana. Mama akaendelea kutwanga kwa mchi ule ule wenye damu. Nilidhani anaharakisha chakula, kumbe alitaka wasikie mwanamke anayepika tu. Sauti zao zilipopotea, alipiga magoti, akamfumba askari yule macho.