Barua Niliyomwandikia Susu

"Sasa nani atanichotea maji?"

Susu, yaani nyanya yangu, aliniuliza hivyo akiwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, Matinyani. Tulikuwa tukimtazama Ndinda akienda zake, nguo zake kwenye kiondo, amemshika mtoto wake mkono. Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu na nilijiona nina jibu la kila kitu.

Kosa ni langu. Nalisema hilo kabla sijamtaja mtu mwingine.

Ndinda alikuwa mke wa susu. Wa kwetu mnaelewa, wengine nawaeleza. Ukambani mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Analipa mahari, watoto ambao mke huyo anazaa na mwanamume wa nje wanakuwa wa boma lake, na uzeeni anakuwa na mtu. Ndoa hiyo tunaiita iweto. Babu alikufa zamani, na susu alizaa mtoto mmoja tu, mama yangu, aliyeolewa mbali, mji wa Salama.

Mimi niliona utumwa. Nilimwambia Ndinda hivyo mtoni, akiwa amepiga magoti kwenye shimo alilochimba mchangani, akichota maji kwa kata kidogo kidogo.

"Umenunuliwa kama mbuzi," nilisema, "na hata hujui."

Alicheka. "Mbuzi gani anapewa shamba? Haya msomi, shika kata. Ama huko Nairobi maji yanatoka ukutani mpaka umesahau kuinama?"

Sikushika kata.

Mtoto wa ndugu ya babu, ambaye tulimwita mjomba, alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa lilikuwa limemnyima susu meza ya Bwana kwa sababu ya ndoa ile, na jambo hilo lilimuumiza sana. Mjomba alinisifu. "Wewe ndiye macho ya ukoo huu," aliniambia. "Andika barua kwa chifu, susu yako aachane na huyo msichana. Nitamtunza mimi. Mke wangu yupo, watoto wapo, maji atakosa kweli?"

Kisha akaniomba niongeze mstari mmoja: kwamba atakayemtunza susu ndiye atakayechukua shamba lake. Nikaona ni haki. Mimi niliyekuwa nikibishana na wahadhiri kila wiki, mstari ule sikuuhoji.

Susu hakujua kusoma. "Inasema nini?" aliuliza.

"Ni mambo ya kanisa, susu. Ili urudishwe mezani."

"Ukisema wewe, ni sawa." Akabonyeza kidole gumba kwenye wino. Sikumsomea hata neno moja.

Chifu aliwaita susu na Ndinda, ndoa ikavunjwa, barua ikabaki kwa mjomba. Ndinda hakunitukana. Alipokuwa akifunga kiondo chake alisema tu, "Anakunywa uji kabla jua halijatoka, usiwe moto sana. Na ule mguu wa kushoto usiuvute, unamuuma. Mwambie mjomba wako."

Mimi nilirudi chuoni.

Likizo iliyofuata nilikuta ua wa miiba wa shamba la mjomba umefika mpaka ukutani mwa nyumba ya susu. Mtungi ulikuwa mkavu, buibui amejenga ndani. Midomo ya susu ilikuwa imepasuka. Mke wa mjomba alileta maji siku alizokumbuka.

Nilimkuta mjomba akinoa jembe. "Mjomba, uliahidi."

"Niliahidi, na ninamwombea kila siku."

"Anataka maji, mjomba, si maombi."

"Na shamba ni la nani? Soma barua." Hakuinua hata macho. "Si ni mwandiko wako?"

Nilisimama pale na elimu yangu yote. Mtu aliyeniita macho alikuwa amenitumia kama kalamu.

Nilimwambia susu twende Salama kwa mama. Alinishangaa. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. "Mkwe wangu anione nikibebwa kwenda chooni? Afadhali nife na kiu." Nilimwambia hayo ni mambo ya zamani. "Basi chukua mtungi wewe," alisema, "wewe wa sasa."

Nilichota wiki mbili. Likizo ikaisha.

Kabla sijarudi Nairobi nilimfuata Ndinda kwa kaka yake, kule mji wa Kiboko, nikamwomba arudi. Alinipa uji, akanitazama nikinywa. "Nilikuwa na boma," alisema. "Ukaliandikia barua." Alikuwa ameshaposwa na mtu mwingine.

Susu aliteleza mtoni akijaribu kuchota mwenyewe. Nyonga ikavunjika, na hakuinuka tena. Mazishini mjomba aliongoza maombi, akajiita mtoto ambaye hakumwacha mama hata siku moja. Watu wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ile barua ilikuwa mfukoni mwake na kila mtu anajua mwandiko wangu.

Wewe uliyesoma, ukitaka kubomoa kitu nyumbani kwenu, uliza kwanza kinafanya kazi gani, na kesho kazi hiyo itafanywa na nani. Kama si wewe, nyamaza. Na usimwekee mzee karatasi mbele yake bila kumsomea mpaka mwisho, hata kama anakuamini. Hasa kama anakuamini.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa na watoto, tulikuwa tukipukuchua mahindi na mama kwake kule Salama, akaniambia jambo alilodhani nalijua. Nilipomaliza darasa la saba, susu alikuwa ameshaniomba nikaishi naye Matinyani nimchotee maji, na wazazi wangu walikuwa wamekubali. Kisha nikaitwa shule ya upili. Susu akasema mtoto aende asome, yeye atatafuta njia nyingine. Mwezi uliofuata akamwoa Ndinda.