Nilimpiga Mtani Wangu kwa Sababu ya Gemu Bovu

Admin, nifichie jina, maana huku Iguguno tunajuana mpaka mbuzi. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, Mnyiramba, nina mke na watoto watatu, nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti. Humu nimesoma visa vya wanaume wanaopiga watu, nikawaporomoshea matusi kwenye komenti. Leo ni zamu yangu, na msinionee huruma.

Nina mtani wangu, nitamwita Shija. Yeye ni Msukuma, na sisi na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu. Anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, na ukinuna mwenye kosa ni wewe. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Mama yangu ana miaka themanini na anampenda Shija kuliko anavyonipenda mimi. Akifika nyumbani anamwambia, "We bibi, hujafa tu? Tumechoka kusubiri ubwabwa wa msiba wako!" Mama anacheka mpaka anashika mbavu. Walishakubaliana kwamba siku mama akifariki, Shija ndiye atakayevaa kanga zake na kuigiza anavyotembea na fimbo, ili watu msibani wacheke kidogo.

Sasa sikieni ujinga wangu. Utotoni nilikaa kwa mjomba wangu, kule mtaa wa Mandewa. Nilikuwa napigwa kila siku ya Mungu, kwa mkanda, kwa waya, kwa chochote kilichokuwa karibu. Jirani kulikuwa na banda lenye mashine ya gemu zile za kaseti, na gemu moja la kupigana. Humo ndani tu ndimo nilimokuwa napiga mimi. Kwa kumbukumbu zangu lile gemu lilikuwa moto: damu inaruka, mtu anavunjwa mgongo, na mimi bingwa wa mtaa mzima. Hadithi hiyo nimempigia Shija miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Mwezi uliopita nikakuta mnadani mashine kama ile, na kaseti yenyewe ndani yake. Jumapili baada ya kanisa nikamwita Shija, nikaiunganisha kwenye TV yangu ya kichogo. Jamani, lile gemu ni takataka! Wapiganaji wanatembea kama wamekwama kwenye tope. Unabonyeza leo, ngumi inatoka kesho. Damu niliyoiota miaka yote ni vidoti vitatu vyekundu. Shija hakuwahi kushika pedi ya kuchezea gemu maishani mwake, akawa anabonyeza kitufe kimoja tu, teke la ugoko, teke la ugoko. Alinipiga mara sita mfululizo.

Alicheka mpaka akatoka machozi. "Mnyiramba, hili ndilo lililokufanya ukimbie shule? Mjomba wako alikuwa sahihi kukuchapa, tena alikuchapa kidogo!"

Hakujua. Katika hadithi zangu mjomba alinichapa mara moja tu, kwa kutoroka shule nikacheze gemu; habari za mkanda na waya sikuwahi kumwambia. Nilisimama nikamtandika ngumi ya mdomo. Na hapa ndipo panaponiua: alicheka. Damu ikiwa kwenye meno, alicheka, akidhani naendeleza utani. Aliacha mikono yake chini. Shija anabeba gunia la alizeti peke yake, angeweza kunivunja, lakini nani anajikinga kwa mtani wake? Nikampiga ya pili, ya tatu. Akaanguka juu ya stuli, nikamfuata pale chini na mateke. Nikaichomoa pedi, nikazungusha waya mkononi, nikampiga nayo usoni kama mjomba alivyokuwa akinifanya mimi. Aliacha kucheka pale ilipompata jichoni. Mke wangu alinivuta kwa shati mpaka likachanika. Sauti niliyokuwa naitoa, anasema, hajawahi kuisikia kwa binadamu.

Hospitali nesi aliuliza kilichotokea. Kabla sijafungua mdomo, Shija akasema, "Chuma cha mashine kimeniruka." Mpaka leo jicho la kushoto halioni. Ile mashine ya gemu niliiponda kwa nyundo, lakini haikusaidia kitu.

Nilienda kwake na wazee wawili kuomba msamaha. Nilipiga magoti, nikalia kama mtoto. Akaniinua kwa adabu, akasema, "Hakuna shida, kaka. Yameisha."

Kaka! Miaka kumi na moja hajawahi kuniita kaka. Ananiita mchawi, mbwa, mla panya. Sasa kazini ananisalimia, "Habari za asubuhi, kaka," anaendelea na magunia yake. Nikimtania, anaitikia, "Sawa."

Mama amelala kitandani wiki ya tatu sasa, hali si nzuri. Tulimdanganya naye kwamba ni chuma cha mashine. Shija alikuja kumwona mara moja tu. Alisema, "Shikamoo mama, Mungu akuponye," akaondoka. Mama akanigeukia, "Mbona Shija hajanitukana? Mmemfanya nini mtoto wa watu?"

Ndugu zangu, niambieni la kufanya. Nimwambie mama ukweli akiwa katika hali hii? Na yule mtu nimwendee vipi, nimpe nini, nimfanyie nini, ili anitukane tena?