Alama Mbili kwa Kokulinda

Ukuta wa mama Kokulinda, mjane wa mtaa wa Igogo, ulikuwa na alama mbili za X: nyekundu ya taifa kubwa lililotaka kupitisha reli, na ya bluu ya taifa hasimu lililotaka kujenga bandari. Zote zilisema nyumba itabomolewa, asiiendeleze. Miaka sita ikapita bila reli wala bandari, mabati yakaoza, mvua ikamfuata hadi kitandani.

Siku moja wapimaji wa reli wakaja kukagua alama yao.

“Shikamoo, mama,” akasema mkuu wao.

“Marahaba, mwanangu. Nibadilishe mabati?”

“Hapana, mama. Huko ni kuendeleza.”

“Haya. Ila maji ya paa yanafuta X yenu. Wale wa bluu wanakuja Jumatatu na rangi mpya, tena nzito.”

Mpimaji akautazama ukuta kama mume aliyekuta viatu vya mgeni mlangoni. Jumamosi mafundi wakaezeka mabati mapya, eti kulinda alama. Wale wa bluu waliposikia, nao wakaleta tangi la kukinga maji ya paa, wasipitwe.

Sasa mtaani hakuna nyumba nzuri kama hiyo inayosubiri kubomolewa, na majirani wanaulizia rangi inauzwa wapi.