Familia Iliyokutana Bila Kilio

Mtu akifa katika mtaa wa Kapata, nje kidogo ya mji wa Kolwezi, jina la Fidélie hutajwa mara tu baada ya jina la marehemu. Anakuja na mwiko wake mrefu wa mti, anawatazama waliokaa chini ya turubai, kisha anaanza kugawa kazi: huyu maji, yule unga, wale viti, wewe makala, yale makaa ya kupikia. Hapandishi sauti. Kufikia jioni kuna ugali wa bukari na mboga ya sombe kwa kila mtu, na wafiwa wamebakiwa na kazi moja tu, ya kulia.

Halipwi kwa kazi hiyo. Riziki yake inatokana na cherehani: anashona sare za shule. Ana miaka hamsini na mmoja, na anaishi na mume na watoto sita katika moja ya zile safu za nyumba ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Nyumba ya tatu kutoka kwake ni ya mama yake mzazi, Mama Brigitte.

Mama Brigitte alizaa watoto wanne walio hai hadi leo. Kalumba, wa kwanza, ni karani katikati ya mji. Fidélie ni wa pili. Mado anafanya biashara Dilolo, mpakani na Angola. Kitinda mimba, Mwamba, anatunza bohari huko Kisenge, kwenye mji wa machimbo ya manganizi. Barabara ya kutoka upande wao ni mbaya, na hakuna anayeipita bila sababu. Ndiyo maana mama yao ana tabia moja. Mtoto wake yeyote akitokea mlangoni na begi, kabla hajajibu salamu anauliza:

“Nani alikufa?”

Haulizi kwa mzaha. Kwa miaka mingi wote wanne wamekutana kwa mazishi tu: ya baba yao, ya mke wa Kalumba, na mwezi wa tano mwaka huu, ya mjomba wao. Wajukuu wanafahamiana kutokana na michezo ya nyuma ya turubai, mahali ambapo kila baada ya muda mtu mzima hupita na kuwaambia wanyamaze.

Siku ile Mado alipokuwa anafunga mizigo kurudi Dilolo baada ya kilio cha mjomba, Mama Brigitte alimwita, akawaita na wengine.

“Mukikutana tena, itakuwa juu yangu,” aliwaambia. “Na mi sitabaona.”

“Mama, acha hizo,” Mado alicheka.

“Hapana, sicheki. Nataka kubaona bote, mara moja, bila mutu kufa.”

Wote wanne walijua kwamba anasema kweli, na kwamba ana miaka sabini na minane.

Aliyelibeba jambo hilo ni Fidélie. Kalumba alipendekeza wanunue mbuzi, wamle hapo hapo Kapata. Fidélie alimkatalia kaka yake mkubwa.

“Hapa kila kiti kilishaliliwa, yaya. Saa kumi tutakuwa tunalia.”

Ilibidi patafutwe mahali ambapo familia hiyo haijawahi kulia. Mahali penyewe palitoka kwenye simu ya Jeancy, mtoto wa tatu wa Fidélie, aliyemwonyesha bibi yake video ya bustani ya michezo nje ya Lubumbashi. Kulikuwa na manège, wale farasi wa bandia wanaozunguka, mateleza ya maji, na gurudumu kubwa la chuma lililopanda juu kuliko miti. Mama Brigitte aliishika simu kwa mikono miwili.

“Hii gurudumu inabeba batu?”

“Ndiyo, kambo,” Jeancy alimjibu bibi yake.

“Na banarudi chini?”

“Banarudi.”

“Basi na mi nitapanda.”

Kwa mwanamke aliyezoea kulisha watu mia mbili kwa siku tatu, kuipeleka familia moja Lubumbashi haikuwa hesabu ngumu. Fidélie alipiga simu kwenye bustani akauliza siku gani wanapata watu wachache, akaambiwa Jumatano. Akauliza kama kuna bei ya kundi, akaambiwa ipo, kuanzia watu thelathini. Akauliza kama wanaruhusu chakula kutoka nje. Hawaruhusu, lakini mlinzi akasema kando ya uzio kuna mikalitusi na hakuna anayemzuia mtu kupika huko. Jirani yake Amadi, msafirishaji, kila Jumanne hupeleka basi tupu Lubumbashi kuchukua mizigo ya maduka. Akakubali kuwabeba kwa bei ya mafuta. Mahali pa kulala palikuwa darasa la parokia moja, lililo wazi kwa kuwa ni likizo ya mwezi wa nane. Matawi yote ya familia yangevaa kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja, mtoto asipotee. Sufuria zingekuwa zile zile za kilio. Yeye hakuona ubaya wowote.

Shida ilikuwa watu. Bei ya kundi ilihitaji thelathini, na familia ingefika thelathini na wanne ikiwa tu Mwamba angekuja na mke na watoto wake watano. Mwamba alijibu kwa ujumbe wa sauti, akihofia mkubwa wake kazini.

“Yaya, mi nitamwambia chef nini? Mutu akikufa, anatia sahihi bila kuangalia karatasi. Nikimwambia naenda ku manège, atanicheka mbele ya batu bote.”

Mado naye alisema ataona. Katika familia hiyo, kuona ni kukataa kwa adabu.

Jioni hiyo Kalumba alikuja na njia fupi. “Tuseme mama anagonjwa. Siku mbili tu, bote batakuwa hapa.”

“Na siku atagonjwa kweli, tutasema nini?” Fidélie aliuliza.

“Fidélie, unataka bakuye ao haubataki?”

“Nabataka. Lakini bakuye sababu mama eko muzima. Kama tunabaita na uongo, njo kilio tena.”

Alifanya lile analolifanya chini ya turubai. Hakumwomba mtu yeyote aje. Aligawa kazi. Mado alipewa vikwembe, kwa sababu vitambaa vya Dilolo ni rahisi. Kalumba alipewa unga na mafuta. Mwamba alipewa makala, magunia mawili. Kalumba aliposikia hilo alishika kichwa.

“Makala unamupa Mwamba? Mwamba mwenye alikawia ku ndoa yake mwenyewe? Tutakula mbichi!”

“Njo maana nilimupa ye.”

Hakueleza zaidi, lakini wanaopika naye wanajua. Kazi ndogo Fidélie humpa mtu wa kutegemewa, ambaye angekuja hata bila kazi. Kazi ambayo bila hiyo hakuna anayekula, humpa yule anayetafuta sababu ya kubaki nyumbani. Aliyealikwa tu anaweza kukosa, na hakuna atakayemuuliza. Mwenye makala akikosa, ndugu zake wote wanakaa na njaa na wanajua jina lake.

Mado alifika Kapata siku mbili kabla ya safari, na furushi la kikwembe cha kijani chenye ndege wa manjano. Mafungu ya Mwamba alikuwa ameyaacha njiani kwa mtu wa Kisenge. Mwamba mwenyewe hakuonekana. Jumanne asubuhi simu yake haikupatikana. Amadi aliwasha basi, akazima, akawasha tena.

“Mama Fidélie, mizigo ya batu inaningojea.”

“Twende,” alisema Fidélie.

Waliondoka ishirini na saba, sufuria na mikeka juu ya basi, Mama Brigitte kiti cha mbele. Njiani, kila baada ya kilima, magunia ya makala yalikuwa yamepangwa kando ya lami yakingoja wanunuzi. Kalumba aliyahesabu kwa sauti.

“Hii hapa nzuri. Tata Amadi, simamisha.”

“Asisimame,” alisema Fidélie.

“Fidélie, tununue mbili tu! Akikuya, atakuya na yake.”

“Tukinunua, tumeshasema hatakuya.”

Mama Brigitte hakugeuka, ila alisogeza mkoba wake kutoka goti moja hadi lingine. Hapo Fidélie alielewa kwamba mama yake naye anayatazama yale magunia, na kwamba Fidélie mwenyewe asiposhinda jambo hili leo, ile sentensi ya mama ya mwezi wa tano itabaki kama ilivyosemwa.

Kwenye kizuizi cha kulipia barabara, malori yenye shehena ya shaba yalikuwa yamepanga mstari usioonekana mwisho. Mfanyakazi wa kizuizi aliliona basi: sufuria kubwa juu, mikeka, wanawake wote kikwembe kimoja, bibi kizee mbele. Alivua kofia. Akawaashiria madereva wa malori wasogee, akafungua njia, akaja hadi dirishani na kuinamisha kichwa.

“Poleni sana, bamama. Poleni. Ni nani alituacha?”

Ndani ya basi watu waliangaliana. Amadi alikuwa tayari kukubali pole na kuendelea. Lakini Mama Brigitte alishusha kioo.

“Hakuna mutu alikufa. Mi niko muzima.”

“Samahani, mama. Sasa munaenda wapi?”

“Ku manège.”

Yule mfanyakazi aliirudisha kofia kichwani, akaivua tena. Kisha akaanza kucheka, akalazimika kushika mlango wa basi.

“Kumbe!” alisema, akionyesha malori kwa kidole. “Na bale bengine ba asubuhi, benye ndege hizi hizi za manjano, juu ya camion? Nilibapa pole, yule tata akaipokea vizuri, na kichwa chini!”

“Alikuwa amekalia nini?” aliuliza Fidélie kutoka nyuma.

“Magunia.”

Kalumba hakuhesabu makala tena.

Walilala kwenye darasa la parokia. Mtandao ulikuwa mzuri, simu ya Mwamba ilikuwa bado imezimika. Asubuhi ya Jumatano basi lilipokata kona ya mwisho, moshi ulionekana kabla ya gurudumu. Ulipanda mwembamba kati ya mikalitusi, kando ya uzio. Chini yake alisimama Mwamba, uso mweusi kwa vumbi la safari na makala, mke na watoto watano kando yake.

“Munakawia!” alipiga kelele. “Moto iko tayari toka saa moja!”

Ndugu zake walimrukia. Alieleza yote kwa mkupuo: simu ilianguka njiani, lori lilimshusha hapo hapo langoni jana jioni, mlinzi aliwapa kibanda cha kulala. Mado alitaka kujua habari ya kwenye kizuizi cha barabara.

“Kulikuwa camion mingi,” Mwamba alisema. “Mutu ananipa pole, nitamurudishia?”

“Na chef wako?” aliuliza Fidélie. “Ulimwambia nani alikufa?”

“Sikusema mutu alikufa. Nilimwambia mama eko muzima na anatuita. Alicheka kwanza.” Mwamba alipangusa mikono kwenye suruali. “Kisha akatia sahihi.”

Ilibidi Mama Brigitte asaidiwe kushuka. Alipogusa chini, wote walikuwa wamekwisha kujipanga bila kuambiwa, wakubwa mbele na wadogo nyuma, mikono imekunjwa, kama walivyozoea kujipanga wakimpokea chini ya turubai. Hawakujua kujipanga kwa namna nyingine. Thelathini na wanne, pamoja naye. Aliwapitia kwa macho, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho wa mstari.

“Nani alikufa?” aliuliza.

Aliyejibu ni Abigaëlle, mtoto wa mwisho wa Mwamba, mwenye miaka sita.

“Hakuna mutu, kambo.”

“Sasa munasimama hivi juu ya nini? Mupike!”

Mlinzi wa lango aliwahesabu mara mbili na kuwapa bei ya kundi. Sombe iliwekwa motoni, samaki wakaoshwa, na watoto wa Dilolo, wa Kisenge na wa Kapata wakaingia kwenye mateleza wakipiga kelele ambazo kwa miaka yote walikuwa wakikatazwa. Hakuna aliyewanyamazisha. Kalumba, karani, alionekana juu ya farasi wa bandia akiwa na tai shingoni.

Mama Brigitte alienda moja kwa moja kwenye gurudumu. Alikaa na Abigaëlle kando yake, akafungiwa chuma cha kumzuia, akaanza kupanda. Fidélie aliacha sufuria akasogea kwenye uzio, mwiko mkononi. Kiti kilipofika juu kabisa, gurudumu lilisimama ili wengine wapande chini.

Kutoka pale juu, kama Mama Brigitte alivyosema baadaye, aliwaona wote. Walioko kwenye maji, walioko kwenye farasi, walioko nje ya uzio kwenye moto. Kijani na manjano kila upande, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akilia.

Fidélie alimwona mama yake akiinama mbele.

“Mama! Unasikia kizunguzungu?”

Sauti ilishuka wazi, na watu wa familia nyingine waligeuka kutazama.

“Mwamba! We Mwamba! Makala inazima!”

Mwamba aliokota kifuniko cha sufuria, akapiga magoti, akaanza kupepea.