Swali la Mama Kule Mnarani

Leo nimemdanganya Mama mara mbili, na mara zote alikuwa anatabasamu.

Darasa letu lilipanda kilima cha Yuexiu, hapa hapa mjini tunakoishi, kuona mnara wa kale wa ulinzi. Mama aliacha biashara yake ya viatu mtaa wa Zhanxi ili twende wote. Kichina hajui, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani wake.

Dada mwongoza watalii akiwa anaeleza habari za askari, Mama akaninong'oneza (mnong'ono wa Mama husikika hadi barabarani):

"Hebu muulize, waliobeba matofali yote haya mpaka huku juu walikuwa wanapewa chakula gani?"

Wenzangu wakageuka. Nikaona aibu.

"Anasema hajui," nikamjibu. Sikuwa nimeuliza kitu.

Mama akamshika yule dada mkono.

"Mwambie nimempenda. Mwingine angetunga jibu."

Nikatafsiri. Yule dada akashangaa: "Kwani aliniuliza nini?"

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema karibu tena."

Sasa hivi Mama anamsifia yule dada kwa mama mdogo kwenye simu.

Jumamosi nataka turudi, nimuulize yule dada swali lile mbele ya Mama. Ila kwanza lazima nimweleze kwa nini tunarudi.

Nyie mngeanzaje?